Vitani mlikuwa wapi?

Jumanne saa mbili asubuhi nilikuwa namsugua mgongo mzee mmoja hapa King's Lynn, Uingereza. Televisheni inaonyesha mambo yao ya Novemba ya kuwakumbuka waliokufa vitani, ua jekundu la karatasi kwenye kila koti. Mzee akatazama weee, akanigeukia: "Ile vita tulipigana wenyewe. Nyie mmekuja baadaye, kula."

Sikujibu. Kazi ya kea, ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani, haina nafasi ya kujibizana. Dakika 30 kwa mteja, simu inahesabu unavyoingia na unavyotoka, na njiani kati ya nyumba na nyumba hulipwi kitu. Gari lako, mafuta yako. Nikamkausha, nikamvika soksi, nikamwekea chai yake, nikatoka.

Garini nikamkumbuka Jaji Cross. Marehemu baba alikuwa karani wa mahakama Dar miaka ile ya Azimio, na kila akipata wageni lazima awasimulie jaji mweusi wa Trinidad ambaye kwenye Vita Kuu ya Pili alikuwa "akirusha ndege ya mabomu mpaka Berlin". Sisi watoto tulikuwa tunakonyezana. Tulimjua baba kwa kutia chumvi.

Usiku nikaingia mtandaoni. Cross kweli alikuwa jaji Tanzania, 1967 hadi 1971. Ila ukitaka kumfuata vitani usishikilie jina la Ulric walilomzoea watu. London Gazette, gazeti la serikali yao linalotangaza nishani, lina majina kamili, naye ni Philip Louis Ulric. Nishani ya DFC, ya ushujaa wa angani, alipewa 1944, ikafuata DSO, ya juu zaidi. Na DFC yenyewe siku hizo ilikuwa ya maofisa na maofisa waranti tu. Sajenti akifanya ushujaa uleule, katika hatari ileile, anapewa DFM. Hata ushujaa una daraja la kwanza na la pili, kama treni.

Basi nikachukua siku yangu ya mapumziko nikaenda Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa. Treni kwenda na kurudi ilipita pauni 40. Kwa hela hiyo mtu wa Dar anafika Mwanza na kurudi, na samaki kabeba. Nimeambiwa kalamu ya wino hairuhusiwi, nikanunua penseli, kumbe vitabu vya skwadroni, yaani vikosi vya ndege, vimeshapigwa picha, unavisoma kwenye kompyuta palepale bila kulipa. Penseli ninayo mpaka leo.

Niliganda mbele ya ile skrini. Mama mmoja wa dawati akaniona, akavuta kiti. Sikumwomba. Akanionyesha kwamba fomu 540 ni shajara ya skwadroni nzima, na fomu 541 ndiyo inayokwenda ndege kwa ndege: tarehe, namba ya ndege, majina ya waliomo, saa ya kuruka, saa ya kutua, kisha maelezo ya safari. Na pale ambapo saa ya kutua haipo, alisema, usifikiri karani alisahau. Alikaa nami dakika arobaini bila simu kumhesabia. Nilitamani kulia, si kwa ajili ya vita.

Skwadroni yenyewe ni ya 139, iliyobeba jina la Jamaica kwa sababu watu wa Jamaica walichanga hela za kununulia ndege. Walichanga, mzee wangu. Sukari na ndizi zao hizo.

Hapo ndipo nilipogundua baba hakutia chumvi, alikosea neno moja tu. Cross hakuwa rubani, alikuwa navigeta. Ndege yao Mosquito ni ya mbao, ndiyo, mbao kama mlango, ina injini mbili na watu wawili bega kwa bega. Rubani anashika usukani. Navigeta gizani na ramani yake ndiye anayejua mko wapi na mtafika dakika ya ngapi. Skwadroni ile ilikuwa ya watangulizi: wanafika kwanza, wanadondosha fataki za rangi, wanaofuata nyuma wanalenga hapo. Navigeta akipotea, amepoteza msafara.

Zamu ya kawaida ilikuwa safari 30, halafu mtu anapumzishwa. Cross alifikisha 80. Kati ya kama watu 125,000 walioruka na jeshi lile la mabomu, zaidi ya 55,000 hawakurudi. Safari moja injini ilizimika Berlin, wakarudi na moja mpaka Swanton Morley, uwanja ukawaishia, wakatumbukia kwenye machimbo ya zamani. Wakatoka wazima. Swanton Morley ni hapo Dereham, njia ya Norwich. Na Marham alikoanzia kurukia iko jirani. Ndege za kivita za siku hizi, F-35, zikipita, vikombe vyangu vinagongana kabatini.

(Na wewe unayeniandikia kila wiki kuhusu kuja huku kufanya kea: mlango wa kuajiriwa kutoka nje ulifungwa Julai 2025. Anayekuuzia cheti cha udhamini leo anakuuzia hewa. Usiuze kiwanja.)

Kabla sijaondoka nikamuuliza yule mama kuhusu babu mzaa mama. Babu alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles wa Waingereza, alikwenda Bama (Burma) na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka bonde la Kabaw kwenye matope 1944. Akaniuliza namba yake ya jeshi. Sina. Akasema kwa upole kwamba mafaili ya askari mmoja mmoja wa Keya hayapo pale. Nikampigia mama Korogwe, akaenda kwenye kopo la maziwa ya unga, akanitumia picha ya nyota ya babu, nishani yake ya vita. Nikamwambia ageuze nyuma, labda namba imechorwa huko. Akageuza. Shaba tupu, hakuna hata herufi.

Ijumaa nikampelekea mzee karatasi niliyochapisha, picha ya Cross na magwanda yake. Nikaiweka karibu na chai, nikaendelea na vidonge. Akavaa miwani, akasoma polepole kwa kidole mpaka chini, akarudia pale kwenye machimbo.

"Injini iliyozimika," akasema, "ya kushoto au ya kulia?"

Simu ikalia, dakika zimekwisha. Nikamwambia nitamwangalizia. Karatasi hakunirudishia.