Jinsi nilivyomwingiza dada kwenye kikao cha mama

Mama ana saratani, yuko Faza, kisiwani Pate. Anayemuuguza usiku na mchana ni dada yangu, ila kikao cha huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, hufanyika mjini Lamu, na safari ya boti inamuumiza mno mama. Basi nilikwenda peke yangu, nikijibu maswali nisiyoyajua.

Nilimwomba muuguzi tumpigie dada simu ya video. Mara ya kwanza picha ilikwama. Kuta nene za mawe huzuia mtandao. Mara ya pili walitoa kitanda cha mama uani, dada akaegemeza simu kwenye mtungi, akafungua daftari alimoandika saa za maumivu. Saa nane usiku, kila siku! Alipoisogeza chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, karibu na kamera, tuliona bado imejaa. Alikuwa akiruka dozi, akihofia mama asije akaizoea. Daktari akamweleza taratibu: hunywewa kila baada ya saa nne, maumivu yasingojewe. Dozi ya kulalia akaipanga upya, akaongeza dawa ya kulainisha choo.

Mama mwenyewe akaomba abaki kwake. Likaandikwa.

Usiku ule alilala mpaka adhana ya alfajiri.