Nilibadilisha nywila mara tatu, mwizi akabaki ndani

Shemeji alinipigia usiku akiniuliza, kwa upole, nimepatwa na nini hadi nikamwomba pesa kwa barua pepe. Sikuwa nimemwomba mtu senti.

Ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa mmoja: badilisha nywila. Nikabadilisha. Kesho yake rafiki ninayedaiana naye akapokea barua iliyojifanya imetoka kwangu, ikimpa namba mpya ya akaunti ya kulipia na kutaja maneno tuliyoandikiana asubuhi ileile. Nikabadilisha tena, ndefu zaidi. Ikatokea tena. Mara ya tatu nilikaa hadi alfajiri nikifungua mipangilio ya barua pepe, kipengele kimoja baada ya kingine, na kwenye sehemu ya kusambaza barua nikakuta kanuni mbili ambazo sikuziweka mimi. Ya kwanza: kila barua yenye neno “malipo” au “benki”, nakala iende kwenye anwani nisiyoijua. Ya pili: kila tahadhari ya usalama itupwe kapuni kabla sijaiona. Mikono ilinitetemeka. Nywila mpya ilimfungia mlango, lakini barua zangu alikuwa anapelekewa kwake!

Nilizifuta, nikaondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia, nikarekebisha na namba ya kurejeshea akaunti, kwa sababu hata hiyo haikuwa yangu tena. Anzeni na barua pepe, jamani, kabla ya benki. Huko ndiko nywila za kila kitu kingine hubadilishiwa.

Aliingiaje? Niliandika anwani yangu kwenye Have I Been Pwned, tovuti aliyoianzisha Troy Hunt mwaka 2013, nikajikuta kwenye data zilizovuja za duka la mtandaoni nililoliacha zamani. Nywila ya huko na ile ya barua pepe zilitofautiana tarakimu ya mwisho tu. Bado inaniuma kwamba kwa miaka nilitii agizo la kubadilisha nywila kila miezi mitatu na kuweka alama: Kimbunga#7 ikawa Kimbunga#8. Nani atashindwa kukisia inayofuata? NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 2017 imeshauri watu wasilazimishwe kubadilisha ovyo, ila pale nywila inapovuja, na ikasisitiza urefu.

Sasa natumia programu ya kutunza nywila, na ndiyo ninayojivunia zaidi. Juzi ilikuja meseji kwamba akaunti yangu ya benki imefungwa. Nikabonyeza kiungo: nembo ileile, rangi ileile, hadi alama ya kufuli juu. Lakini programu ilikataa kujaza nywila. Nafasi ikabaki tupu. Nikaisogelea anwani, nikaona pale penye “m” pameandikwa “rn”. Jicho langu lilidanganyika, programu haikudanganyika. Kufuli lenyewe huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, na tapeli naye hulipata bure.

Namba za kuthibitisha, zinazoombwa baada ya nywila, nimeziondoa kwenye meseji, maana laini inaweza kuhamishwa na tapeli akajifanya wewe. Ninazipata kwenye programu inayozibadilisha kila sekunde 30, na zile za dharura, za kuingilia simu ikipotea, nimezichapisha nikazihifadhi pamoja na vyeti.

Wiki iliyofuata nilikaa na shemeji tukakagua akaunti yake. Kanuni ngeni hazikuwepo, ila namba ya kurejeshea ilikuwa ya laini aliyoitupa zamani, ambayo huenda leo anaitumia mtu mwingine. Tuliibadilisha palepale.