Ndimu ndani ya sanduku

Aprili 1998 mvua za El Nino zilikuwa zimeitafuna barabara ya Dar. Daraja la Mkapa lilikuwa bado (lilikuja kufunguliwa 2003), mto Rufiji tulikuwa tunauvuka kwa kivuko pale Ndundu, na habari zilizotufikia Mikindani zilikuwa za mabasi kulala kwenye tope siku tatu, nne, abiria wakipika kando ya njia. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho. Mjomba akatuma neno: mleteni kwa meli.

Bibi alizaliwa, akaolewa na kuzeekea hatua chache kutoka ghuba ya Mikindani, lakini hakuwahi kupanda chombo kikubwa kuliko ngalawa. Mimi nilikuwa na miaka 12. Niliteuliwa kumsindikiza kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mke hasafiri bila mumewe.

Nyumba ilianza kufungwa wiki nzima kabla. Kuku saba alimkabidhi jirani kwa mapatano ya kugawana vifaranga nusu kwa nusu, jogoo tukamla. Mitungi ikafudikizwa. Miguu ya kitanda ikasimamishwa kwenye makopo ya mafuta ya taa, maana mchwa wa kwetu hawangoji mtu arudi. Godoro la sufi likaning'inizwa kwenye boriti. Kisha Bibi akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, hata kwa mwanamke ambaye walikuwa hawasemezani tangu ugomvi wa mwembe, na dukani akalipa deni la sabuni ambalo mwenye duka alikuwa ameshalisahau. Mimi nikaona ni adabu za wazee tu.

Mizigo ndiyo ilikuwa kazi. Kulikuwa na sanduku la bati la marehemu Babu, alilonunua kwa ujira wa kibarua wakati Waingereza wanajenga gati la Mtwara kwa ajili ya karanga zao ambazo hazikustawi. Kulikuwa na kiroba cha korosho, furushi la ng'onda lililonuka mpaka barabarani, jamvi, dumu la maji la lita 5 na kapu la ukili lenye masurufu. Juu ya nguo sandukuni akalaza mbuzi ya kukunia nazi. Nikamwuliza, kwani Dar hakuna mbuzi?

"Nifike kwa watu nianze kuazima?"

Akaniagiza ndimu nitie kwenye kapu, bahari ikinilevya ziwe karibu. Kapu lilikuwa limefurika visheti. Nikaona isiwe taabu, nikafungua sanduku, nikainyanyua ile mbuzi, nikazisokomeza ndimu chini ya khanga. Vidole vikagusa kitambaa kigumu, kipya, bado kina wanga wa dukani. Bafta nyeupe. Ndani ya mkunjo wake kulikuwa na bunda la pamba na kichupa cha marashi. Vitu hivyo nilikwisha kuviona pamoja mara moja tu, siku aliyokufa Babu.

"Funika, mume wangu," Bibi alisema nyuma yangu. "Hiyo si ya kuchezea."

Nikafunika. Ndimu zikabaki humo humo.

Meli iliyosemwa itakuja Jumanne ilikuja Ijumaa. Mara tatu tulifunga nyumba tukaenda Mtwara, mara mbili tukarudi kulala juu ya kitanda kitupu, na kila tulipoondoka Bibi alikataza mtu kufagia uwanja nyuma yetu. Kufika Alhamisi visheti vilikuwa vimekwisha.

Pale gatini wapakizi wakalichukua sanduku, likashushwa tumboni mwa meli pamoja na magunia. Sisi tukatandika jamvi juu, kwenye sitaha. Tulipotoka tu ghubani kusi likaanza kutusukuma kwa nyuma, na mume wa watu nikaanza kutapika.

"Ndimu ziko wapi?"

"Sandukuni."

"Na sanduku?"

Nikanyoosha kidole chini. Bibi akacheka, cheko la kwanza wiki nzima ile. Usiku kucha alikaa wima akitafuna korosho, akiniuliza kama taa za Kilwa zimeonekana, maana yeye hazioni. Mimi niliyekuwa na macho nilikuwa nimeinamia kopo.

Kwa mjomba tulipofungua sanduku, mbuzi ilikuwa imezisaga ndimu zote. Bafta ilikuwa na doa la manjano lenye ukubwa wa sahani. Bibi aliikunja upya, hakusema kitu. Jicho likapasuliwa, na siku walipomtoa bandeji jambo la kwanza alilosema ni kwamba mimi ni mweusi kuliko alivyodhani.

Tuliporudi Mikindani, kitanda kilikuwa salama. Kesho yake akaitia bafta kwapani, tukaenda dukani.

"Haikutumika. Nirudishie changu."

Mwenye duka akaikunjua juani, akainusa. "Bibi, hii si ina doa?"

"Doa naliona, sasa hivi naona kila kitu. Kata la doa, nipe linalobaki."

Pesa hakutoa. Tulirudi nyumbani na miche miwili ya sabuni, na bafta bado iko kwapani mwake.