Uzoefu wangu: nilivyochagua cherehani ya kushonea matanga na maturubai

Cherehani ya matanga haichaguliwi kwa jina lililoandikwa ubavuni wala kwa nguvu ya mota. Huchaguliwa kwa namna inavyosukuma kitambaa. Nilipokuwa natafuta ya karakana, kazi zangu zilikuwa matanga ya pamba ya mashua na ngalawa, maturubai ya kufunikia boti na mizigo, vivuli vya baraza, na mara mojamoja tanga la Dacron (kitambaa cha poliesta cha matanga) la boti za kusafiri zinazotia nanga Kilifi. Kabla ya kuingia duka lolote niliandika kila kazi, uzito wa kitambaa chake, na idadi ya matabaka pale penye unene kuliko pote. Karatasi hiyo ilinisaidia kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Kuhesabu matabaka ndiko watu wengi wanakokuruka. Mshono wa kulaliana wa tanga una matabaka 2. Mshono wa kukunja, ule ambao pande zote mbili zimeingizwa ndani, una 4. Upindo uliokunjwa mara mbili una 3. Sasa upindo ukipita juu ya mshono wa kulaliana unapata 6, na ukipita juu ya mshono wa kukunja unapata 12. Turubai la pamba la gramu 400 kwa mita ya mraba lina unene wa karibu milimita 0.7, kwa hiyo hayo matabaka 12 ni milimita 8 hivi, na bado hujagusa kona zenye viraka. Cherehani iliyopita vizuri kwenye matabaka mawili dukani haijakuambia lolote kuhusu hapo. Angalia pia vipimo vya uzito: aunsi ya Dacron ni aunsi ya watengeneza matanga, kama gramu 43 kwa mita ya mraba, ilhali aunsi ya turubai kwa yadi ya mraba ni kama gramu 34. Mimi hugeuza vyote kuwa gramu ndipo nilinganishe.

Tuanze na cherehani nyeusi ya kukanyaga, Singer ya zamani au Butterfly, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na kila fundi. Haidharauliki hata kidogo. Ikiwa na sindano namba 100/16 au 110/18 na uzi mwembamba wa poliesta, inashona matabaka manne ya turubai jepesi bila manung'uniko, na kwa kuwa unaikanyaga mwenyewe, inakwenda polepole pale unapotaka. Mwisho wake uko mahali pengine. Pigo lake refu, yaani umbali wa tundu la sindano hadi tundu lingine, ni milimita 4 hivi, mguu wake hauinuki vya kutosha kupanda kwenye makutano ya mishono, bobini yake ni ndogo kwa uzi mnene, na meno yanayosukuma kitambaa yako chini tu. Ukiwa na ngalawa moja na kivuli cha baraza, inakutosha. Ukiwa unashona tanga la mashua kubwa kila msimu, haikutoshi.

Hilo la meno ya chini ndilo kiini cha jambo. Meno yanapovuta tabaka la chini, mguu uliokaza juu unalizuia tabaka la juu. Kwenye shati hutaona kitu, lakini kwenye mshono wa tanga wa mita 6, kipande cha juu kitabaki nyuma kwa sentimita kadhaa, na tanga litakuwa na mikunjo ambayo hakuna upepo utakaoinyoosha. Zipo njia nne za kawaida za kusukuma: meno ya chini peke yake, meno pamoja na sindano inayotembea, meno pamoja na mguu unaotembea, na ile ambayo vyote vitatu, yaani meno, sindano na mguu, vinakwenda pamoja. Niliamua kuchukua hii ya mwisho na sikuyumba. Kuitambua ni rahisi. Shusha mguu, zungusha gurudumu kwa mkono taratibu, utazame. Utaona miguu miwili, wa nje na wa ndani, inapokezana kukanyaga. Na sindano ikishaingia kwenye kitambaa, inarudi nyuma nacho pamoja na mguu wa ndani kabla haijatoka. Juki DNU-1541 na Consew 206RB zinafanya kazi hivyo, na zipo za Kichina nyingi zinazofuata umbo hilohilo. Usikubali kuambiwa tu kwamba “ni ya viwandani”. Cherehani za viwandani zinazouzwa kwa wingi ni za kushonea mashati na sare: zina mbio sana, na meno yao ni ya chini tu.

Dukani nilikwenda na mabaki yangu mwenyewe, uzi wangu na sindano zangu. Mabaki niliyaandaa kabisa: kipande chenye ngazi ya matabaka 2, 6 na 12, halafu kinarudi 2. Kwanza unapita kwa gurudumu la mkono bila mota, ili uhisi kama kuna mahali panapogoma. Kisha kwa mota, polepole. Weka pigo la milimita 6, shona mapigo 50. Kwenye kitambaa chembamba yatachukua milimita 300. Rudia kwenye sehemu nene. Pigo kupungua kidogo ni kawaida. Mimi hukubali hadi sehemu moja ya kumi. Yakijibana yote mahali pamoja kwenye mpando, cherehani haipandi, inakwama na kusaga uzi. Mwisho chukua mikanda miwili ya turubai yenye mita moja kila mmoja, ipange sawa, ishone bila kuivuta kwa mkono, utazame ncha. Zikiachana waziwazi, usukumaji ni dhaifu hata kama mapigo yanapendeza.

Ikiwa ni mtumba, fungua bamba la chini ya sindano na uchunguze kulabu inayonasa uzi. Ncha yake iwe kali na laini; pitisha ukucha juu yake, ukikwaruza maana yake imechomwa na sindano na itakata uzi. Zungusha gurudumu hadi sindano ifike chini kabisa, kisha iache ipande milimita 2 hadi 2.5: hapo ncha ya kulabu ilitakiwa iwe imefika nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu lake. Isipokuwa hivyo, mpangilio umehama. Hilo hurekebishika, lakini litumie kupunguza bei. Shika fito inayobeba sindano uitikise mbele na nyuma, ikicheza, iache. Tazama pia njia ya uzi, maana uzi wa miaka mingi huchimba mfereji kwenye chuma, na mfereji huo unachana uzi mpya.

Sindano na uzi vinakwenda pamoja, na hapa ndipo cherehani nyingi nzuri husingiziwa ubovu. Uzi mnene huuzwa kwa namba za V, na namba ikipanda uzi ni mnene zaidi. Uzi wa V-69 unataka sindano namba 100/16 au 110/18. V-92 unataka 110/18 au 125/20. V-138 unataka 140/22, na kwenye unene mkubwa 160/23. Cherehani za mguu unaotembea nilizozitaja hutumia sindano za aina ya 135x17, ambazo ni ndefu kuliko zile za nyumbani, kwa hiyo usinunue kwa kuangalia namba ya unene peke yake. Sindano nyembamba ikigonga matabaka 12 inapinda, kulabu haiukuti uzi, pigo linaruka. Uzi mnene kwenye tundu dogo unachanika nyuzinyuzi. Na pigo likiruka hata sindano ikiwa sahihi, kaza shinikizo la mguu: kitambaa kinainuka pamoja na sindano inapopanda, kitanzi cha uzi hakipati nafasi ya kujitengeneza. Epuka sindano za ngozi zenye ncha ya patasi, ambazo ziko tele kwa wauza vifaa vya viatu. Ngozi inahitaji kukatwa, lakini turubai ni kitambaa cha kufumwa, na kila nyuzi inayokatwa ni mwanzo wa mpasuko.

Kwa jua letu nashona kwa poliesta. Nailoni inavutika na jua linaila upesi zaidi, na uzi wa pamba unaoza kwa unyevu. Hakikisha msokoto pia: nyuzi zake zilale kama mstari wa kati wa herufi Z. Uzi wa msokoto wa kinyume hufumuka unapopita kwenye kulabu, na baadhi ya nyuzi za kushonea kwa mkono ziko hivyo.

Zigizaga ilinichukua muda kuiamua. Mafundi wa matanga ya Dacron huipenda kwa sababu zao: kitambaa kile ni kigumu na hakimezi uzi, kwa hiyo mshono mnyoofu uliokazwa kidogo tu unakikunjakunja, ilhali zigizaga inatawanya mvuto na inaachia pale tanga linapojaa. Kama kazi yako kubwa ni matanga mapya ya Dacron, tafuta cherehani yenye mguu unaotembea na zigizaga pamoja, kama Sailrite LSZ-1, ambayo pia inabebeka hadi kwenye boti. Lakini pamba inavutika yenyewe, na turubai linataka mstari mnyoofu. Nilichukua ya mshono mnyoofu. Dacron ya kiraka naishona mistari miwili au mitatu sambamba, mkazo wa uzi umelegezwa juu na chini, na inashika vizuri. Kwa pesa ileile, ya mshono mnyoofu ilikuwa na nafasi pana zaidi chini ya mkono wa cherehani na bobini kubwa, na vyote viwili navitumia kila siku.

Turubai la plastiki ya PVC la gramu 600 na zaidi lina tabia zake. Linanata kwenye mguu. Mguu wa Teflon au tone la silikoni hulimaliza hilo. Na matundu ya sindano hayazibiki tena, kwa hiyo pigo fupi linaligeuza kuwa karatasi ya stempu: vuta mara moja, linachanika kwenye mstari. Nashona kwa milimita 6.

Mota ndiyo niliyoibadilisha bila kusita. Mota ya klachi inazunguka muda wote umeme ukiwa umewashwa, na ukikanyaga inaruka kwa mbio. Kwenye kona ya tanga unataka pigo moja, lingine, lingine. Mota ya sevo inazunguka unapokanyaga tu, unaipangia mwisho wa mwendo, na panapotumika inveta au sola inakula umeme kidogo zaidi. Kasoro yake ni kwamba nyingi za bei nafuu hukosa nguvu zikiwa polepole sana. Niliweka puli ya kati inayopunguza mwendo kwa uwiano wa 3 kwa 1, sindano ikapata nguvu ya kutoboa kwenye mpando bila mimi kusaidia gurudumu kwa mkono. Mtumba wa kutoka Marekani huja na mota ya volti 110 hadi 120. Kichwa, yaani cherehani yenyewe, hakina tatizo, lakini mota hiyo usiichomeke kwenye umeme wetu. Hesabu bei ya mota mpya kabla ya kukubaliana.

Meza iwe sawa na kitanda cha cherehani, na iendelee upande wa kushoto na nyuma. Tanga likining'inia sakafuni, uzito wake unavuta sindano pembeni, sindano inagonga bamba na kukatika, na lawama inapewa cherehani. Tanga kubwa linakunjwa mabomba mawili kutoka kila upande, mstari wa kushona ukabaki katikati. Bomba la kulia ndilo linalopita chini ya mkono wa cherehani, na nafasi ya sentimita 26 hivi inalimudu. Kwenye cherehani ya nyumbani, yenye sentimita 17 au 18, utapigana nalo. Mtu wa pili wa kubeba kitambaa kinachotoka nyuma ni wa lazima, ila abebe tu, asivute.

Kona na dasi sikuzihesabia cherehani. Dasi, kamba ya ukingoni mwa tanga, inashonwa kwa mkono, kwa sindano ya tanga na ngozi ya kiganjani ya kusukumia sindano, na kona zenye matabaka kupita kiasi hutobolewa kwa msharasi kwanza. Kununua cherehani nzito mara mbili kwa ajili ya kona nne ni kupoteza pesa, tena cherehani nzito hiyo itashindwa na vitambaa vyepesi vilivyo sehemu kubwa ya kazi.

Tanga la zamani lioshwe chumvi na kukung'utwa mchanga kabla halijafika mezani, maana mchanga ukiingia kwenye kulabu unasaga. Mafuta yawe yale meupe ya cherehani. Ya kupikia hugeuka gundi ndani ya wiki chache. Siku ileile ya kununua chukua bobini 10 za ziada, pakiti za sindano za namba tatu unazotumia, mguu laini usio na meno kwa ajili ya PVC, mkanda wa akiba na kulabu moja ya akiba. Muulize muuzaji akuonyeshe hivyo vitu rafuni. Akisema ataagiza, tafuta duka linalovitunza kabla hujatoa pesa ya cherehani.