Sisikii harufu, na jikoni nina gesi

Sisikii harufu tangu nilipougua mafua makali yasiyotaka kwisha. Daktari alinieleza kwamba wengine hurudiwa na wengine hawarudiwi, na mimi bado sijarudiwa. Watu wakijua hunipa pole kwa kukosa utamu wa chakula. Nashukuru, lakini kinachonikosesha raha ni mtungi wa gesi. Lile onyo ambalo kila mtu hulitegemea, harufu kama ya yai viza, kwangu halipo.

Harufu yenyewe si ya gesi. Propani na butani, ambazo ndizo hujazwa kwenye mitungi ya majumbani, hazina harufu ya kumshtua mtu. Wanaozitayarisha huongeza kemikali yenye salfa, mara nyingi ethanethioli, makusudi ili zikivuja zijulikane mapema. Jambo hili lilifunzwa na msiba. Tarehe 18 Machi 1937, kwenye shule ya New London, Texas, nchini Marekani, gesi asilia isiyotiwa harufu ilikuwa ikivuja na kujaa chini ya jengo bila mtu kujua. Mashine ya umeme ya kusugulia mbao ilipowashwa kwenye karakana, cheche yake ikailipua shule. Walikufa watu karibu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo Texas ikaweka sheria gesi itiwe harufu, na kwingine wakafuata. Kila nikikumbuka habari hii naumia, maana wale watoto pua zao zilikuwa nzima na hazikuwafaa kitu.

Hata wewe unayesikia harufu, usiitegemee pua peke yake. Ukikaa chumbani na harufu kwa muda, pua huizoea na kuacha kukwambia. Ukiwa usingizini haikuamshi kwa uhakika. Ukiwa na mafua ndiyo kabisa.

Mimi pua yangu sasa ni povu. Nachukua bakuli dogo, natia sabuni ya maji na maji kidogo, nakoroga kwa brashi laini mpaka povu lishikane. Jiko nimelizima, koki ya mtungi nimeifungua ili gesi ijae kwenye mpira. Napaka pale regulata inapokaa juu ya mtungi, nashuka kwenye klipu inayobana mpira, nafuata mpira kwa urefu wake wote nikiukunja kidogo kidogo kutafuta nyufa, namalizia klipu ya upande wa jiko. Kisha nainama na kutazama bila haraka. Pasipovuja, povu hulala na kukauka. Panapovuja, kiputo huota, hukua, hupasuka, na kingine huota palepale. Wapo wanaopima kwa kiberiti. Nawaomba waache, kwa sababu anayeipata gesi kwa njia hiyo huipata ikiwa tayari inawaka.

Kijana anayeniletea mtungi mwanzoni alikuwa akifunga regulata, ananusa, anasema, “Iko sawa mama, haitoi harufu.” Nikawa namwambia, “Subiri mwanangu, tupake povu.” Siku moja viputo vidogo mno vikaanza kuota shingoni mwa regulata, naye bado hajasikia chochote. Alifunga koki, akaivua regulata, akakuta ule mpira wa duara ulio ndani ya mdomo wa mtungi umechanika. Akaurudisha ule mtungi na kuleta mwingine. Siku hizi bakuli la povu hulitaka mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Mipira mingi ya gesi ina tarehe iliyochapwa juu yake. Isome, na kama ni ya mwisho wa kutumika na imepita, badilisha, hata kama mpira kwa macho unaonekana mzima. Mtungi usimame wima siku zote. Ukilazwa, gesi iliyo bado kimiminika ndani ya mtungi inaweza kutoka badala ya mvuke, na ikitoka hivyo hutanuka kupita kiasi.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, propani kama mara 1.5 na butani kama mara 2. Ikivuja haipandi juu. Inatambaa sakafuni, inajikusanya chini ya makabati, inashuka kwenye mashimo ya maji machafu. Ikifika kiasi cha asilimia 2 tu ya hewa, cheche inatosha. Kwa sababu hiyo kengele yangu ya gesi, ile inayolia ikihisi gesi, nimeifunga chini ukutani, kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Wanaotumia gesi asilia ya bomba hufunga yao juu karibu na dari, kwa kuwa metani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ni nyepesi kuliko hewa na hupanda. Ukikosea hapo, unaweza kulala unono na kengele isiyokusaidia.

Hatari ninayokutana nayo mara nyingi zaidi ni ya kawaida kabisa: sufuria inafurika, inazima moto, gesi inaendelea kutoka. Ndiyo maana nilitafuta jiko lenye kile kichuma kidogo kando ya moto, ambacho kikipoa hukata gesi chenyewe. Na bado siondoki jikoni sufuria ikiwa motoni.

Kengele ikilia, au nikisikia mtungi unatoa sauti ya fyuu, au nikiona barafu nyeupe pale regulata inapokaa, sigusi swichi yoyote, iwe ya kuwasha au ya kuzima, maana zote zinaweza kutoa cheche. Nafunga koki ya mtungi kama naweza kuifikia salama. Yenye gurudumu la kuzungusha hufungwa kwa kulia. Nafungua milango na madirisha, natoa watu wote, na simu napiga nikiwa nje, mbali na nyumba.

Moto nao nautazama. Ukiwa wa bluu, sawa. Ukigeuka manjano na sufuria zikaanza kushika masizi, gesi haiungui vizuri na inaweza kutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na harufu kwa mtu yeyote. Hapo dirisha linafunguliwa, jiko linazimwa, fundi anaitwa.

Kama unaishi na mzee, mpime pua. Uwezo wa kusikia harufu hupungua na umri, na wengi hawajui kwamba umewapungukia. Mwambie afumbe macho, msogezee sabuni yenye manukato, muulize ni nini. Akishindwa, mfungie kengele, mpelekee bakuli la povu, na umshike mkono umwonyeshe koki ya mtungi hufungwa upande gani.