Pamba za Jana

Majipu ya watu wanaojidunga heroini tumeyazoea, na hapo ndipo tunapopoteza watu. Mimi ni muuguzi, nafunga vidonda Mathare, Nairobi. Ndani ya wiki mbili walinijia wanne wa maskani moja, yaani kijiwe cha kujidungia, mikono imevimba kwa kasi, wawili na homa kali. Yule wa nne alinifanya niache kufunga na nianze kuuliza.

Nilianza vibaya. Nilienda na hojaji ndefu: jina, umri, unajidunga mara ngapi. Wakanyamaza. Mtu aliyewahi kukamatwa kwa bomba la sindano lililokuwa mfukoni hatakupa jina lake. Nikarudi na bandeji na maji ya chumvi, pamoja na muelimishaji rika aliyetoka maskani hiyohiyo na sasa hunywa methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, kila asubuhi. Majina tukayaacha, kila mtu akachagua alama yake.

Usaha ulitupa taabu. Wawili kati ya wanne walishameza antibiotiki walizonunua dukani vidonge viwili viwili, na sampuli zao hazikuotesha kitu maabara. Wawili ambao hawakuwa wamemeza dawa ndio waliotupa jibu: Staphylococcus aureus, bakteria anayeishi kwenye ngozi na puani. Hadi hapo nilikuwa nahofia unga wenyewe, maana Uskoti, mwaka 2009 na 2010, heroini yenye kimeta iliua watu. Lakini wazima wa maskani ile walinunua kwa muuzaji yuleyule. Basi wagonjwa walifanya nini ambacho wazima hawakufanya?

Nilizunguka swali hilo siku tatu. Mama mmoja akanikatiza:

"Sista, unatuuliza siku tuko na pesa. Tuulize siku ya arosto."

Siku ya arosto, yaani mwili unapouma kwa kukosa heroini na pesa hakuna, pamba za jana zilizochujia heroini hukusanywa, zinatiwa maji na kukamuliwa upya, kila mtu anavuta kutoka kijiko kimoja. Pamba yenye unyevu iliyolala kwenye joto na kupita vidole vya watu watano! Wote wanne walikuwa wamekamua. Kati ya wazima sita niliowahoji, ni mmoja tu.

Tulipeleka pamba mpya, vijiko, maji safi kwenye vichupa vya mtu mmoja, na spiriti ya kupangusa ngozi. Kukemea hatukukemea. Yule mwenye homa isiyoshuka nilimsindikiza hospitali mwenyewe, kwa kuwa bakteria huyu akiingia kwenye damu hushambulia vali za moyo. Nilikaa naye kwenye benchi hadi akalazwa. Peke yake angeondoka arosto ikianza.