Nilivyoacha kudundisha ndege wakati wa kutua

Kupaa hakukunisumbua hata siku moja. Unafungua nguvu ya injini yote, unashika mstari wa katikati ya njia ya kurukia, mwendo ukitosha unavuta usukani taratibu, nayo inanyanyuka. Kilichonitoa jasho ni kutua.

Ndege nimezipenda tangu utoto. Muungurumo wowote angani ulinitoa mbio mezani nikiwa bado na tonge mkononi. Ila usukani nilikuja kuushika nikiwa na miaka 41, kwenye Cessna 172, ndege ya injini moja na viti vinne ambayo marubani wengi sana duniani wamejifunzia.

Kila nikitua, nilidunda. Magurudumu yanagusa lami, ndege inaruka tena juu, nami kwa hofu nasukuma usukani mbele. Hapo ndipo pabaya kuliko pote, maana gurudumu la pua linaweza kutangulia kupiga chini na kuvunjika.

Siku moja mwalimu akaniuliza, "Macho yako huwa yanaangalia wapi?"

"Hapo mbele ya pua, ninapotaka kutua."

"Basi ndiyo maana. Ukishakaribia chini, yapeleke mwisho wa njia."

Ukitazama karibu, lami inakukimbilia na huwezi kukadiria kimo. Ukitazama mbali, kingo mbili za njia zinapanuka pembeni mwa macho, na mwili wenyewe unahisi unavyoshuka. Ili nizoee, tulipita juu ya njia nzima kwa kimo cha kama mita moja bila kugusa, yeye akishika nguvu ya injini, mimi usukani tu, kisha tunapaa tena. Tulirudia mpaka mikono ikatulia. Kwangu zoezi hilo lilizidi maelezo yote ya darasani.

Kosa la pili lilikuwa mwendo. Nilidhani kasi zaidi ni usalama zaidi, nikawa naingia na kilomita 140 kwa saa badala ya 120 hivi. Kumbe karibu na ardhi, kimo kikiwa chini ya urefu wa mabawa yote mawili, yaani kama mita 11, ukinzani wa hewa hupungua na ndege haitaki kushuka. Kasi ya ziada inaifanya ielee na kumaliza njia. Sasa naingia na mwendo wake, napunguza nguvu hadi mwisho, nainyoosha juu kidogo ya lami, halafu naendelea kuvuta usukani kidogo kidogo kana kwamba naikatalia kutua. Inachoka yenyewe.

Mwalimu aliposhuka na kuniacha peke yangu, ndege ilikuwa nyepesi hata ikapanda upesi kuliko nilivyozoea. Nilizunguka, nikarudi, macho mwisho wa njia. Magurudumu mawili ya nyuma yakagusa. Nikaendelea kuvuta. La pua likafuata polepole, bila kishindo.

Upepo wa ubavuni ulinichukua mwaka mwingine mzima.